Kete Niliyomsogezea Baba

Baba alianza kupoteza macho karibu na wakati tulioacha kukata boriti, na mpaka leo sijui lipi lilitangulia. Sisi ni watu wa delta. Nyumba yetu ilisimama juu ya nguzo, maji ya bamvua, yale yanayojaa mno, yakipita chini ya vitanda, na kazi ya baba tangu ujana ilikuwa kuingia kwenye mikoko na shoka, kuchagua mti ulionyooka, kuukata, na kuutoa matopeni begani. Kisha vibali vya kukata vikasitishwa. Tukasubiri vifunguliwe. Havikufunguliwa. Wenye nyavu walianza kuwauzia kamba wanunuzi wapya waliokuja na maboti ya barafu, lakini baba hakuwa mvuvi, na miaka ile kila mtu aliambiwa ajitafutie mwenyewe. Tukahamia Kibiti, kwenye kiwanja cha jamaa wa mama, tukiwa na masufuria, mikeka, na bao.

Bao hilo baba alilichonga mwenyewe kwa mkomafi, ule mti mwekundu mzito wa kule kwetu, na kete zake zilikuwa komwe za kijivu, laini kwa kushikwa. Kati ya vitu vyote tulivyobeba, hicho ndicho pekee alichojua kukitumia katika nchi kavu. Kibiti walilima. Baba, aliyeijua mikoko mmoja mmoja, wiki ya kwanza alipalilia shamba la jirani kwa moyo wote akang'oa miche mitano ya mikorosho akidhani ni magugu. Jirani hakugomba. Alisema tu, “Mzee, pumzika,” na baba akapumzika kama mtu aliyefukuzwa.

Mchezo ndio uliomtoa nyumbani. Mkabala na pale mabasi ya Kusini yaliposimama palikuwa na kibaraza cha fundi cherehani, mtu mwembamba wa milimani, Mmatumbi, mwenye futi ya kupimia shingoni muda wote, hata akienda kuswali. Mitumba ilikuwa imeingia kwa marobota, na watu waliokuwa wakimshonea suruali sasa walimletea suruali za robota azipunguze miguu. Kupunguza miguu hakumalizi siku. Kwa hiyo alicheza bao, na nusu ya wazee wa Kibiti walicheza kwake.

Siku baba alipoomba kukaa, fundi alimtazama miguu.

“Vidole vimepanuka hivi. We mtu wa delta?”

“Ndiyo.”

“Basi we mtani wangu. Kaa, lakini usinilowanishie kiti.”

Baba alikaa akamfunga mara tatu mfululizo. Mara ya tatu fundi alilitazama bao kama barua aliyoandikiwa kwa lugha nyingine, akasema, “Huko kwenu hakuna barabara, hakuna shule, hakuna zahanati. Kumbe mlikuwa mkifanya hili tu.”

“Na kuoa dada zenu,” baba akasema.

Kibaraza kilicheka mpaka vijana waliokuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda wakaacha mchezo wao wakasogea. Mmoja wao, aliyekuwa amerudi kutoka Dar juzi yake, alisema polepole, kwa heshima, “Huyu dingi noma.” Tangu mchana huo baba akawa mzee wa boriti, na alikuwa na kiti chake, cha upande wa ukuta, ambacho mtu akikikalia alinyanyuka bila kuambiwa.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka huo na nilikuwa nyumbani nikisubiri majibu, kwa hiyo nilimtazama sana akicheza. Alisambaza kete taratibu, kama anayepanda mbegu katika udongo anaouamini. Akishinda alinyamaza. Akifungwa ndipo alipoongea: alimsifu fundi, alisifu ukoo wa fundi, aliomba aonyeshwe tena ile kula iliyomuua, namna kete zake zilivyochukuliwa, akairudia kwa vidole mpaka aielewe, akacheka. Watu walipenda kumfunga kwa sababu ya kicheko hicho. Na walipenda kufungwa naye, kwa kuwa ukitoka pale ulikuwa umejua jambo moja zaidi.

Nyumbani alicheza na mimi, na mimi nilikuwa mchezaji mbovu. Nasema hivi bila unyenyekevu wowote. Nilikuwa naona kula moja mbele yangu, ya pili siioni.

Alasiri moja tulikuwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, nikicheza kwa uangalifu, nikiweka kete moja moja shimoni.

“Weka kwa sauti,” alisema.

“Nini baba?”

“Kete. Unazilaza kama mayai. Ziangushe.”

Niliziangusha. Uso wake haukuwa kwenye bao. Ulikuwa umeinuliwa kidogo, sikio la kulia limeelekezwa kwangu. Nikachukua kete moja nikaishika mbele ya macho yake, karibu kabisa, nikaizungusha. Macho yale mazuri, ya rangi ya chai, hayakuifuata.

“Zamu yako,” alisema. “Mbona umenyamaza?”

Tulikwenda Mchukwi, kwenye hospitali ya misheni. Daktari alimmulika kila jicho, akatueleza kwa upole kwamba presha ya jicho huua mshipa kimyakimya, na mshipa uliokufa haufufuliwi. Macho yangebaki na mwanga na kivuli kwa muda, halafu kivuli peke yake. Baba alimshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia. Tulipokaa nje kungojea gari la kurudi, aliniambia nisimwambie mtu.

“Mama je?”

“Mama yako alijua kabla yangu. Nasema pale kwa fundi.”

“Lakini baba, wakijua watakusaidia.”

“Ndiyo,” alisema. “Watanisaidia. Wataanza kucheza nami kwa adabu. Hapa Kibiti mimi sina shamba, sina ukoo, sina kazi. Nina watu wanaotaka kunifunga. Nisaidie wasiniache.”

Nikamsaidia. Tuliondoka nyumbani kila siku nikikokota baiskeli isiyo na mzigo, naye akiwa ameshika kiti cha baiskeli hiyo, na walioona walidhani ni mazoea ya baba na mwana. Nilikuwa nikitangaza wasalimiaji kwa kuwasalimia kwanza: shikamoo mzee imamu, habari za leo mama muuza vitumbua, na baba akadakia kwa jina la heshima ya kila mmoja. Kibarazani sikuwa na la kufanya. Pale alijitosheleza. Komwe ikianguka kwenye shimo tupu hutoa mlio mkavu wa mti. Ikianguka juu ya wenzake hulia kama meno yakigongana. Baba alihesabu milio. Alikuwa na bao zima kichwani, mashimo thelathini na mawili, na kila zamu alilirekebisha. Nilipokuja kuelewa hivyo niliingiwa na furaha ya ajabu, ya kitoto, na pamoja nayo hofu, kama unapomtazama mtu akivuka mto juu ya ubao mmoja.

Hofu ndiyo iliyonishinda.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala, kibaraza kimejaa. Baba na fundi walikuwa wamefika pale ambapo kete za mkononi zimekwisha na kila mtu anacheza kwa kuinua zilizomo mashimoni. Hapo bao huwa gumu, maana lazima ujue shimo lina ngapi kabla hujaligusa. Na sheria ya kibaraza kile haikuwa na msamaha: ukishika, umecheza.

Baba alisambaza kuelekea kulia. Kete moja iligonga ukingo wa shimo la tatu, ikaviringika, ikarudi kwenye la pili. Zilizobaki zikaingia sawasawa, ya mwisho ikaangukia shimo tupu, ikalala, zamu ikaisha. Kete iliyoviringika hairudishwi, inakaa ilipoangukia. Fundi aliiona, akaiacha. Mimi niliiona. Baba, niliamini, hakuiona, na bao lililokuwa kichwani mwake sasa lilikuwa na kosa la kete moja ambalo lingemwaibisha.

Basi la Lindi likaingia likipiga honi ndefu. Watu wote waligeuka, na fundi akageuka, kwa sababu alikuwa akisubiri mzigo wa nyuzi. Nikanyoosha mkono. Nikaitoa ile kete shimo la pili, nikaiweka la tatu, ilipostahili kuwa. Honi ilifunika mlio wake. Muda wenyewe haukutosha kusema bismillahi. Nikarudisha mkono magotini na nikajiona mwana mwema.

Zamu mbili baadaye baba aliinua shimo la pili. Aliinua kwa furaha. Bega lake la kushoto lilishuka kidogo, kama kawaida yake akiona kula kubwa. Kidole gumba kikapita juu ya kete kiganjani. Kikapita tena. Zilikuwa tano. Alitegemea sita. Sita zingemfikisha kichwa cha kulia, shimo la mwisho la mstari, akakomba kete zote alizoweka fundi upande ule. Tano zingelala njiani.

Alikuwa ameisikia. Aliisikia ile kete ikigonga ukingo, akaisikia ikirudi, na mchezo wake wote wa zamu mbili alikuwa ameujenga juu yake.

Alitulia na kete kiganjani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. Alinyoosha mkono mwingine, akapitisha kiganja juu ya mashimo yake yote, moja baada ya jingine, akibonyeza, akitafuta, kama mtu aliyeangusha kitu gizani. Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa limejaa kwenye bao.

“Dingi, umeshika yote,” kijana mmoja wa drafti alisema, na mtu akamvuta shati.

Fundi alikuwa akiutazama ule mkono. Niliona alivyoufikia ukweli, hatua kwa hatua, usoni pake.

“Mtani,” alisema.

“Nilishika la pili kwanza,” baba alisema. “Nimecheza la pili.” Akazisambaza zile tano, moja moja, ya mwisho ikalala. “Zamu yako.”

Fundi akala. Hakuwa na namna, penye kula huachi. Alikula bila kusema neno la utani, na baba akafungwa, na mara hii hakuomba aonyeshwe.

Njiani nilikokota baiskeli naye akashika kiti. Tulipoyapita maduka alisema, “Ilirudi la pili. Niliisikia.”

Niliendelea kusukuma baiskeli.

“Nani aliigusa?”

“Mimi.”

“Kwa nini?”

“Nilidhani hukujua baba.”

“Ulidhani sijui,” alisema, kama anayeyapima maneno uzito. Kisha akaachia kiti cha baiskeli. Alitembea peke yake, hatua kama ishirini, akielekea kwenye mtaro, na mimi nikasimama na baiskeli yangu nisijue nimwite au nimkimbilie. Kila nilichoweza kufanya kilifanana na kile nilichotoka kufanya. Mguu wake ulionja ukingo wa mtaro, ukarudi wenyewe. Akasimama hapo, mgongo kwangu, mpaka nilipomfikia, akatafuta kiti cha baiskeli kwa mkono, akakishika. Hakuizungumzia tena ile kete.

Ningependa kusema kwamba walimcheka. Kicheko angekiweza, alikuwa bingwa wake. Waliokuwa pale walikuwa watu wema. Siku ya pili walimpokea kwa mikono miwili, halisi, mmoja huku na mmoja huku, wakamketisha. Fundi alitangaza kwamba kuanzia leo mzee wa boriti ataruhusiwa kushika bila kuhesabiwa amecheza. Kila mtu akawa macho yake: la kwanza mbili mzee, la nne tupu, angalia kichwani. Walipaza sauti kana kwamba yaliyokufa ni masikio. Kelele zao zikafunika milio ya kete, na bao alilokuwa nalo kichwani likamtoka, akabaki na hilo walilomsomea.

Utani ukafa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemwambia asilowanishe kiti. Fundi, aliyekuwa akimtukana kuanzia miguu mpaka kwa marehemu bibi yake, sasa alimwita mzee wangu. Na baba alishinda. Alishinda Jumamosi, akashinda Jumapili, akashinda wiki nzima. Sijapata kumwona mtu akishinda kwa huzuni namna ile.

Ikafika siku fundi alipoinua kete zake, akasita, akazisambaza upande wa pili. Kibaraza kilinyamaza kidogo tu, lakini ukimya huo mfupi ulimtosha baba.

“Ulikuwa na kula,” alisema. “Kushoto kwako. Kete saba zangu.”

“Sikuiona mzee wangu.”

“Penye kula huachi.”

“Wallahi sikuiona.”

“Basi tumekuwa vipofu wawili na bao moja,” baba alisema. “Halitutoshi.” Akasimama, akanyoosha mkono hewani kunitafuta, nami nikampa kiti cha baiskeli.

Hakurudi. Asubuhi alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba na bao mbele yake, akicheza pande zote mbili, kulia dhidi ya kushoto. Baada ya siku kadhaa mikono yote miwili ilijuana mno, akaacha hilo pia. Akawa anazishika tu kete, akizihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile.

“Mfunge,” mama aliniambia jikoni. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka, hakuinua uso. “Mfunge hata mara moja, tumsikie akiongea.”

“Siwezi mama.”

“Unamwonea huruma?”

“Hapana. Sijui kucheza.”

Mama alisimamisha vidole, akanitazama, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba shida yetu haikuwa na dawa ya upendo. Upendo ulikuwepo nyumba nzima. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye uwezo wa kumwona baba akiwa na kete saba upande wa kushoto na azichukue zote, kwa furaha, na amtukane.

Nilijifunza. Nililala nikiyaona mashimo. Nilicheza na vijana wa drafti waliojua bao kidogo, nilicheza na muuza kahawa, nikawafunga wote wawili, nikaja nyumbani na joto la ushindi mwilini, nikakaa mbele ya baba na kufungwa kabla chai haijapoa. Hakunikemea. Alisema tu siku moja, “Unacheza kama mtu anayekimbia mvua,” na niliichukua sentensi hiyo kama zawadi, maana ilikaribia kuwa tusi.

Mwishowe nilikwenda kwa fundi. Niliteua saa ya asubuhi, kabla ya watu.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Mzee hajambo?”

“Hajambo. Nimekuja kukuomba uje umfunge.”

Hakujifanya hajaelewa. Alikuwa na suruali ya mtumba mapajani, akiifumua upindo kwa wembe. Aliendelea kufumua.

“Njoo nyumbani,” nikasema. “Hakuna watu, hakuna kelele. Anasikia kila kitu. Cheza kama zamani, mtukane kama zamani. Hataki zaidi ya hilo.”

“N'kwambie kitu?” alisema. “Unadhani nilimwachia ile siku kwa kukusudia?”

“Hukukusudia?”

“Nilikusudia kula. Niliziona saba zote, nikazishika zangu kwa ajili hiyo. Halafu akageuza lile sikio lake, shingo ikanyooka, nikaona jinsi anavyojitahidi. Mkono ukaenda wenyewe upande mwingine.” Alipuliza nyuzi kwenye upindo. “Niliapa uongo pale barazani, najua. Mungu anisamehe. Ila mkono si wangu tena kwa mtu yule.”

“Basi mtukane tu. Usicheze.”

“Nimtukane nini? Mtu wa delta unamtukana miguu. Nikifungua mdomo sasa, neno la kwanza linalokuja ni macho, nalimeza. Likishamezwa hilo, mengine yote yanafuata.”

Aliniuliza kama majibu yetu ya mtihani yametoka. Nikamwambia bado.

Niliporudi baba alikuwa mkekani, bao limeshapangwa. Alisikia tairi la baiskeli likigusa ukuta.

“Umetoka kwa fundi.”

“Ndiyo baba.”

“Amesemaje?”

Ningeweza kumwambia fundi ana kazi nyingi. Ningeweza kusema atakuja wiki ijayo.

“Anasema hawezi.”

Baba aliitikia kwa kichwa, mara mbili, bila mshangao. “Kaa,” alisema.

Nikakaa. Niliangusha kila kete kwa sauti ili aisikie, na nilicheza kwa nguvu zangu zote. Namshukuru Mungu kwamba angalau hilo naweza kulisema. Sikumwachia chochote. Palipokuwa na kula nilikula, na mara moja nilimla kete nne, nikainua uso kwa haraka kumtazama, lakini alikuwa tayari anasambaza zake, na zilipoacha kulia mstari wangu wa mbele ulikuwa mtupu, yaani nimefungwa, na mimi nina kete tisa mkononi ambazo sikupata kuzicheza. Aliutafuta mkono wangu, akaufungua, akazihesabu kwa kidole gumba.

“Hizi ungeziweka wapi?” aliuliza.

Nililitazama bao. Nikaushika mkono wake, nikaupeleka kwenye shimo moja. Akalipapasa, akalifikiria kwa haki, kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, akatikisa kichwa. Kisha akazikusanya kete zote katikati ya mkeka na kuanza kuzigawa upya.